Tovuti Imezimika na Ofisi ya Kampuni Iko Nairobi

Mtu atakayekusaidia tovuti yako ikizimika hakujui. Huenda ameketi Nairobi, huenda yuko nchi nyingine kabisa, na mbele yake kuna foleni ya wateja waliomwandikia sentensi ile ile: tovuti yangu haifunguki. Hajui kwamba nyumba yako ya wageni pale Kitale huwapata watalii wa Mlima Elgon na wa Saiwa kupitia ukurasa huo. Hajui kwamba shule yako nje kidogo ya Bungoma imewaelekeza wazazi wote wapakue fomu humo. Anachokijua ni kile ulichomwandikia tu. Ukimtumia kilio atakurudishia pole na maswali matano, na kila swali linaweza kula saa nzima ya siku yako. Ukimtumia ushahidi ataingia kazini moja kwa moja.

Nitakueleza mambo mawili. La kwanza ni namna ya kukusanya ushahidi huo kwa simu yako ya mkononi, hata kama kompyuta si fani yako. La pili ni kuhakikisha kwamba fundi ana ruhusa ya kukuhudumia wewe unapomwandikia. Hilo la pili ndilo linalowaumiza watu wengi wa miji yetu, nami nitalikalia zaidi.

Kilichokufa ni kipi?

Tovuti husimama kwa vitu vinne: jina lake, seva inayohifadhi mafaili, njia ya intaneti kati ya msomaji na seva hiyo, na tovuti yenyewe, yaani programu na kurasa zilizomo. Kampuni inayokuhifadhia tovuti huwajibika kwa seva. Jina huenda ulilinunua kwingine. Njia ni ya kampuni za simu na za nyaya za baharini. Programu zilizomo, mara nyingi, ni jukumu lako wewe na aliyekutengenezea.

Anza na njia, kwa sababu ni rahisi kuipima na ndiyo inayodanganya watu zaidi. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima. Mwenye tovuti aliyejaribu kuifungua kupitia Wi-Fi ya ofisi iliyozimika angeapa kwamba imekufa, hali seva yake, kama iko Ujerumani au katika kituo cha data chenye jenereta, inawahudumia wasomaji wengine bila shida. Kwa hiyo zima Wi-Fi, ujaribu kwa data ya simu. Kisha azima simu yenye laini ya kampuni nyingine. Kisha mwombe ndugu aliye mbali, awe Nairobi au Doha, afungue ukurasa na kukutumia picha ya skrini. Dakika kumi hizo zitakuokolea nusu siku.

Njia nayo hukatika kweli. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania na Uganda. Siku kama hiyo tovuti iliyohifadhiwa ng'ambo inaweza kujikokota au kukataa kabisa kwa msomaji wa Webuye, na wakati huo huo ile iliyo kwenye seva ya Nairobi ikafunguka vizuri, kwa kuwa kampuni za intaneti za nchini hubadilishana data hapa hapa kupitia KIXP, kituo kinachoendeshwa na chama chao cha TESPOK. Kumfokea fundi wa seva siku hiyo ni kupoteza pumzi.

Kuna hali inayofanana na hiyo lakini dawa yake iko kwa fundi. Mtu wa ofisini mwako amekosea nenosiri la barua pepe mara nyingi mfululizo, na mfumo wa ulinzi wa seva umeifungia nje anwani ya intaneti ya ofisi nzima. Ninyi hamwoni kitu, dunia nzima inaona. Wanaotumia data ya simu hupatwa zaidi, maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo unaweza kufungiwa kwa kosa la mtu usiyemjua. Tafuta kwenye intaneti ukurasa unaokuonyesha anwani yako ya IP, inakili, umtumie fundi na kumwomba aiondoe kwenye orodha ya waliofungiwa. Ni kazi ya dakika moja kwake.

Ukithibitisha kwamba haifunguki kwa yeyote, tazama jina. Majina yote yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, na ukurasa wa KeNIC una sehemu ya WHOIS. Andika jina lako pale uone liliandikishwa kupitia wakala gani, linaisha lini na linaelekezwa kwenye seva zipi. Kwa .com na jamaa zake, tumia lookup.icann.org. Tarehe ikiwa imepita, umeshapata jibu, na mazungumzo yako sasa ni ya malipo, si ya seva.

Kama jina ni zima, soma skrini neno kwa neno. Ukurasa unaosema akaunti imesimamishwa maana yake seva iko hai na kampuni imekufungia kwa makusudi, ama kwa deni, ama kwa sababu tovuti imeingiliwa na wahalifu na inatuma barua taka. Nambari 500 mara nyingi hutokana na programu zako mwenyewe: kuna aliyeongeza au kusasisha kitu kwenye WordPress jana. Onyo la usalama linalotokea kabla ya ukurasa kufunguka kwa kawaida ni cheti kilichoisha. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, na mfumo wa kuvihuisha ukikwama wageni wako hutishwa na kivinjari chao. Nambari 503 au 508 mara nyingi husema kwamba umemaliza mgao wako wa nguvu za seva. Hilo huzipata shule mwezi Januari, wazazi wanapotafuta barua za kujiunga wote kwa siku moja, na wauza mbegu wa Kitale mwezi Machi, mvua inapokaribia na kila mkulima anataka kujua bei. Hapo hakuna kilichoharibika. Kifurushi ni kidogo, na ni heri ukijue hivyo mapema kabla hujaanza kumlaumu mtu.

Jina limeandikwa kwa nani?

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe.

Tovuti nyingi za Bungoma na Kitale hutengenezwa na kijana wa karibu: mwalimu wa somo la kompyuta, kijana wa saiba, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii aliyekuja kwenu kwa mafunzo ya kazini. Kazi yake ni nzuri na bei yake ni ya kibinadamu. Ili mambo yaende haraka, huandikisha jina la tovuti kwa barua pepe yake, kwa nambari yake ya simu, ndani ya akaunti yake yenye wateja wengine. Hana nia mbaya. Kisha anapata kazi Mombasa, anabadilisha laini, au mnakosana, au anafariki. Tovuti inazimika. Unapiga simu kwa kampuni, wanakuuliza barua pepe ya akaunti. Huna. Wanakwambia kwa adabu kwamba hawawezi kulizungumzia jambo hilo nawe.

Nao hawakosei. Kampuni inayompa nenosiri kila anayepiga simu akisema mimi ndiye mwenye shule, itampa tapeli vilevile. Mtu wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa tofauti ya kulima shamba na kuwa na hati yake: jina la tovuti ndilo hati, na hati husomwa jina lililoandikwa juu yake, si jina la aliyepanda mahindi.

Hata taifa zima liliwahi kuwa katika hali hiyo. Jina la .ke lilipotolewa mwaka 1993, walioandikwa walikuwa watu binafsi: Dkt. Shem Ochuodho upande wa usimamizi, na Mmarekani Randy Bush upande wa ufundi. Walifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Lakini nchi ilipoanza kutegemea intaneti ikaonekana kwamba jina lake linahitaji mikono ya taasisi, na Desemba 2002 likahamishiwa KeNIC. Kama nchi ilihitaji uhamisho huo, hata duka la dawa za mifugo pale Chwele linauhitaji.

Fanya hivi tovuti ikiwa bado hai. Fungua akaunti kwa wakala anayetambuliwa na KeNIC, kwa jina la biashara au shule. Mwite aliyekutengenezea tovuti, mzungumze kwa heshima, maana alikusaidia wakati huna mwingine. Mwalimu mkuu anaweza kumwambia: "Kijana wangu, kazi yako tumeipenda na bado wewe ni fundi wetu. Bodi sasa inataka jina liandikwe kwa shule. Tupe msimbo wa kuhamishia, na gharama yako tutailipa." Vijana wengi hukubali siku hiyo hiyo, tena kwa faraja, kwa sababu kuwekewa mzigo wa tovuti ya shule nzima si jambo la kufurahisha. Ukikuta ameshapotea, mwandikie wakala aliyeonekana kwenye WHOIS, uambatanishe cheti cha usajili, PIN ya KRA ya taasisi, barua yenye mhuri na stakabadhi zozote za malipo ulizonazo. Wakala akikwama, KeNIC ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina. Huchukua muda, ndiyo sababu nakuhimiza usingoje.

Jambo la pili kuhusu akaunti hiyo ni barua pepe yake. Usiiandikishe kwa anwani inayotumia jina lile lile la tovuti. Jina likifa, barua pepe zake nazo hufa, na nambari ya kuthibitisha unayotumiwa haifiki popote. Mtego huu haumchagui mtu. Oktoba 4, 2021, Facebook ilipotoweka kwa takriban saa sita pamoja na WhatsApp, mifumo ya ndani ya kampuni ilizimika pamoja nayo, na wafanyakazi wakapata taabu hata kuingia kwenye majengo waliyotakiwa kwenda kurekebisha kosa. Wewe weka anwani ya Gmail au ya namna hiyo, inayojulikana na watu wawili wa taasisi, na nambari ya simu ambayo ni ya ofisi.

Na la tatu ni M-Pesa. Tovuti nyingi ambazo watu hudhani zimeharibika zimesimamishwa kwa malipo ambayo kweli yalilipwa. Mhasibu ametuma pesa kwa nambari sahihi ya Paybill, lakini mahali pa nambari ya akaunti ameandika jina la shule badala ya nambari ya ankara. Pesa zimefika, mfumo haujui ni za nani, na tarehe ikipita unaifunga tovuti wenyewe. Usilipe mara ya pili. Tuma msimbo wa muamala kama ulivyo kwenye ujumbe wa M-Pesa, kiasi, tarehe, na nambari ya ankara iliyokusudiwa, uombe waziunganishe. Na yeyote atakayekuomba PIN yako ya M-Pesa ili arudishe tovuti ni mwizi, hata akijua jina la tovuti yako na tarehe inayoisha. Tarehe hizo husomeka na yeyote.

Tiketi

Simu na soga ya mtandaoni zinafaa kwa kuamsha watu. Lakini mazungumzo ya simu hayaachi alama, na anayekujibu saa tano asubuhi siye atakayekuwepo jioni. Fungua tiketi kwanza, kisha piga simu ukiwa na nambari yake. Mfano wa tiketi inayofanya kazi ni huu:

"Habari za asubuhi. Tovuti ya shule yetu, jina-la-shule.sc.ke, haifunguki tangu leo 07:40 EAT (04:40 UTC). Tumeijaribu kwa laini mbili za kampuni tofauti hapa Bungoma na kupitia mtu aliye Nairobi. Wote wanaona nambari 508. Picha za skrini zimeambatanishwa. WHOIS ya KeNIC inaonyesha jina ni hai hadi Novemba. Ankara ya mwisho imelipwa, stakabadhi iko hapa. Jana jioni tuliweka fomu mpya ya kujiunga. Hatukubadilisha kitu kingine. Tunaomba mtueleze ni mgao upi uliokwisha, na mtuongezee kwa muda hadi Ijumaa tukiamua kuhusu kifurushi kikubwa zaidi. Mimi ndiye mwenye akaunti na napatikana kwa nambari iliyomo."

Tazama saa ilivyoandikwa. Sisi tukisema saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi tunaelewana, lakini kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na fundi wa kigeni ukimwandikia saa mbili atatafuta tukio la saa mbili ya kwake. Andika saa ya kidijitali, uweke EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, kisha upunguze tatu kupata UTC. Tazama pia sentensi ya kilichobadilishwa jana. Watu huificha kwa hofu ya kulaumiwa, na ndiyo inayofupisha kazi kuliko nyingine yoyote. Kama uligusa kitu, kitaje. Na kama kampuni ni ya ng'ambo, andika mambo haya haya kwa Kiingereza cha sentensi fupi, bila mapambo.

Ukishatuma, usifungue tiketi ya pili wala ya tatu kwa tatizo lile lile. Kila moja huangukia mtu tofauti, na katika baadhi ya mifumo kila ujumbe unaouongeza hukurudisha nyuma ya foleni. Jibu la kwanza likiwa la kukariri, la kukwambia ufute kumbukumbu za kivinjari, lifanye, sema umelifanya, kisha uandike: "Asante. Nimefanya hivyo na hali haijabadilika. Naomba suala hili lipelekwe kwa mafundi wa seva, na naomba kujua nitapata taarifa inayofuata saa ngapi." Kuomba saa ya taarifa inayofuata ni bora kuliko kuuliza tovuti itarudi lini. Lile la pili fundi hawezi kuliahidi kwa uaminifu. La kwanza anaweza, na akishaliahidi ana deni kwako.

Usimtukane. Anayepokea ujumbe wako mara nyingi ni kijana wa zamu asiye na mamlaka ya kurekebisha chochote, na uamuzi wa kulisukuma suala lako mbele uko mikononi mwake. Kumwita dada au ndugu na kumshukuru hakukupunguzii haki yako hata kidogo.

Wakati unasubiri, wateja wako wanahitaji kujua. Weka taarifa fupi kwenye ukurasa wa Facebook na kwenye hali ya WhatsApp, na mahali pa kupata fomu au bei kwa sasa. Mzazi wa Kimilili hana haja na habari za seva. Anataka orodha ya mahitaji ya mtoto.

Wakikuzungusha

Soma ahadi ya kampuni. Ahadi ya kuwa hewani kwa asilimia 99.9 inasikika kama ukamilifu, lakini inaruhusu kuzima takriban dakika 43 kila mwezi, karibu saa tisa kwa mwaka. Wakizidisha, fidia kwa kawaida ni punguzo kwenye ankara ijayo, na hutolewa kwa anayeiomba kwa maandishi akiwa na saa za kuanza na kumaliza. Hapo picha zako za skrini zitakulipa. Kama ni kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na imekataa kukusikiliza, unaweza kulalamika kwa Mamlaka, ukiambatanisha mawasiliano yenu yote.

Kama sababu ilikuwa uvamizi, na tovuti ilihifadhi majina ya wanafunzi, simu za wazazi au taarifa za wagonjwa, usiridhike na kurudishwa kwa ukurasa. Uliza kwa maandishi ni data gani zilizofikiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, pale ambapo uvamizi unaweza kuwadhuru kweli wahusika. Jukumu hilo ni lako, si la kampuni ya seva.

Na usitegemee nakala za akiba za kampuni peke yake. Machi 10, 2021, kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na jengo moja likateketea lote. Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwashauri wateja waanzishe mipango yao wenyewe ya kujiokoa. Waliokuwa na nakala kwingine walirudi hewani. Baadhi ya wasiokuwa nazo walipoteza kila kitu. Pakua nakala kamili, mafaili pamoja na hifadhidata, kila mwisho wa mwezi, uiweke kwenye diski ya ofisi na kwenye hifadhi moja ya mtandaoni. Kisha mwombe fundi wako aifungue mahali pa majaribio angalau mara moja, maana nakala isiyowahi kufunguliwa huwezi kujua kama ni nzima.

Ukiamua kuhama, hama kwa utaratibu. Chukua nakala, isimamishe tovuti kwenye seva mpya na uikague, ndipo uelekeze jina huko. Mabadiliko hayo yanaweza kuchukua hadi siku mbili kufika kila mahali, na katika muda huo wengine wataona ya zamani na wengine mpya. Usihame wiki ya fomu wala wiki ya mbegu. Akaunti ya zamani iache ikilipiwa mwezi mmoja zaidi, kwa sababu barua pepe za miaka yote bado ziko kule, na mtu wa kuzihamisha hukumbukwa mwisho.